Watoto wa Jani Moja

Tulimzika Mbeleje kule Hombolo siku ya Jumanne, na katekista kijana, aliyevaa viatu vipya vilivyokuwa vikimbana, akasoma habari za maisha yake kwa dakika mbili. Marehemu alizaliwa zamani. Aliolewa Miyuji. Alizaa watoto sita, wakabaki wanne. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa hodari wa mboga. Basi. Watu wakaitikia amina, wakaanza kuulizana koleo liko wapi. Mimi nilikuwa nimekalishwa mbele pamoja na wazee, kwa sababu nimefundisha shule miaka mingi na nusu ya waliokuwa pale niliwahi kuwachapa, na nilihisi damu inanipanda kichwani hadi masikio yakawa moto. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nasema lake lipo, ila kuna watu wamelikalia. Nitaeleza nilichofanya pale kaburini, lakini kwanza lazima nieleze mwaka mmoja, ule mwaka Wajerumani walipokuwa wakiileta reli Dodoma, maana bila huo mtadhani mimi ni kizee tu kilichopigwa na jua.

Habari za baba na mama yangu hazina kazi hapa. Inatosha mjue kwamba nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, kwamba nilikuwa nimejifunza herufi misheni, na kwamba mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wavulana, jambo ambalo wavulana hawakunisamehe. Mwaka huo alikuja Miyuji Mjerumani ambaye hakuwa askari, hakuwa mtu wa reli, wala hakuwa mhubiri. Alikuja kukamata vipepeo. Hakuna aliyeamini. Wengine walisema anatafuta dhahabu, wengine walisema anahesabu ng'ombe wetu kwa hila, na kila alipopita wachungaji waliswaga mifugo upande mwingine. Watu walimpa jina la Bwana Wavu, naye alilipokea, hata akawa anaitika. Alihitaji mtu wa kuandika herufi ndogo sana kwenye vikaratasi vidogo sana, na misheni wakanitoa mimi.

Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyowahi kulala mwenyewe. Kilikuwa cha udongo kama tembe zetu, na paa la bapa kama letu, ila alikuwa ametoboa dirisha pana upande wa mashariki na kulifunika kwa chandarua. Katikati palikuwa na meza ndefu, na miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili siafu wasipande. Juu ya meza yalipangwa masanduku ya bapa yenye vifuniko vya kioo, na ndani yake vipepeo wengi mno, wamechomwa pini migongoni, mabawa yamenyooshwa, kila mmoja na kikaratasi chake chini. Bwana Wavu alinitamkia herufi moja moja, nami niliandika jina refu la lugha wasiyoisema hata wao wenyewe, kisha mahali, kisha jina lake yeye aliyemkamata. Chumba kilinuka dawa ya nondo na nyama ya kopo. Siku hizi kila mzee wa hapa anadai alimchukia Mjerumani tangu asubuhi ya kwanza. Mimi sitadanganya. Nilikipenda chumba kile, kwa sababu ndani yake mwandiko wangu ulikuwa na maana, na sikuwa nimewahi kuwa na maana mahali popote.

Mbeleje yeye hakukipenda hata siku moja. Alikuwa amenizidi miaka minne au mitano, ameolewa na Ndahani, mkulima mpole wa hapo Miyuji, na Bwana Wavu alimwita kwa sababu alizijua njia zote za kuelekea Hombolo alikozaliwa. Alikubali kutuongoza kwa sharti moja, kwamba njiani atachuma mboga zake na hakuna atakayemharakisha. Tulitoka asubuhi, mvua zikiwa zimeshika na mtama ukifika magotini. Mbele Mbeleje na tenga lake mkononi, nyuma yake Bwana Wavu na wavu wake, halafu Sefu mkalimani na mwavuli, halafu mimi na daftari. Sefu alikuwa mtu wa mjini, babu yake alikuja na misafara ya pwani, na kila alipokanyaga tope alilaani nchi yetu kwa Kiswahili kizuri sana. Tulipofika kwenye korongo tuliwakuta vipepeo wametua kwenye mchanga wenye unyevu, wanakunywa, wengi kiasi kwamba mchanga ulikuwa kama unapumua.

“Bwana anauliza kama una jina la yule mweupe mwenye ukingo wa kahawia,” Sefu akamwambia Mbeleje.

“Huyo wa mgagani,” akajibu, bila kuacha kuchuma. “Alipokuwa kiwavi alinimalizia mgagani wangu wote nyuma ya nyumba.”

“Na huyu wa njano iliyopauka?”

“Wa mti ule tunaomchemshia mtoto likimfunga tumbo.”

“Na yule mkubwa, mweusi mwenye madoa ya njano?”

Mbeleje akainua kichwa, akacheka. “Yule mgeni. Kwao ni kwenye milimau ya akina Sefu huko mjini. Amekuja kutembea tu, jua likiwaka atarudi kwao analalamika.”

Sefu naye akacheka, akatafsiri, na Bwana Wavu akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto wa jirani. Yeye aliwatambua vipepeo kwa mabawa. Mbeleje aliwatambua kwa jani walilolelewa. Na msidhani ni uchawi. Mwanamke wa kwetu hachumi mboga bila kugeuza kila jani atazame chini yake, maana asiyegeuza jani huilisha familia yake viwavi, na mama mkwe hasahau. Tangu ana miaka sita Mbeleje alikuwa anageuza majani. Alijua kila kiwavi anakula nini, anajifunga lini, na akitoka ndani ya kifuko chake anakuwa nani. Mimi nilisoma vitabu viwili vya misheni nikaitwa msomi. Yeye alisoma nyika nzima, na hakuna aliyemwita chochote.

Ugomvi ulianzia kwa wale wa rangi ya chungwa. Walikuwa wengi pale, wenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe, na Bwana Wavu akanasa wawili kwa pigo moja, akanitamkia jina lao, moja kwa wote wawili. Mbeleje akasogea, akatazama ndani ya wavu. “Hawa si ndugu,” akasema. Akatuonyesha. Mmoja alikuwa na madoa meusi kadhaa katikati ya bawa la nyuma. Mwingine alikuwa na doa moja tu, tena ukingoni. Yule wa madoa mengi, akasema, hulelewa kwenye mmea wenye utomvu mweupe ambao hata mbuzi hawaugusi, naye mwenyewe ni mchungu, ndege akimdonoa anamtema. Yule wa doa moja hulelewa kwenye mboga ile inayotambaa chini, yenye shina jekundu na majani manene. Yeye si mchungu hata kidogo, amevaa nguo za mwenzake ili ndege wamwogope. “Na mume wake,” akasema, akionyesha kipepeo mweusi tii mwenye madoa makubwa meupe aliyekaa peke yake juu ya jiwe, “ni yule pale. Wametoka jani moja.”

Bwana Wavu alicheka hadi akashika magoti. Kesho yake mchana, tuliporudi Miyuji, mimi na Mbeleje tulikuwa kwenye kizingiti cha nyuma cha nyumba yake tunakula ugali wa uwele na mlenda, na dirishani juu yetu Bwana Wavu alikuwa anakula na mgeni wake wa reli. Nilikuwa nimeshaokota Kijerumani cha kutosha. Nilimsikia akimwambia mgeni kwamba wanawake wa hapa wanamwozesha kuku kwa bundi, na wote wawili wakacheka na vijiko vikagonga sahani. Mbeleje akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia. Akalamba mlenda vidoleni, taratibu, akasema, “Mwambie aje ageuze jani.” Hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika, tena nilikasirika kwa ajili yangu mwenyewe, maana niliona kwamba katika chumba kile nilichokipenda nilikuwa naandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Siku chache baadaye homa ilimlaza Bwana Wavu, nami nikabaki peke yangu mezani. Nilifungua sanduku la wale wa rangi ya chungwa, nikatazama mabawa ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, kama alivyotuonyesha Mbeleje. Wenye doa moja ukingoni nikawang'oa pamoja na pini zao, nikawahamishia kwenye sanduku la weusi, kila mke karibu na mume. Bawa moja lilikatika mkononi mwangu. Moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilidhani akipona ataona, ataelewa, atasema ahsante. Ndivyo nilivyokuwa mjinga nikiwa na miaka kumi na saba.

Alipopona alituita wote barazani. Uso wake ulikuwa umepauka kwa homa na hasira. Masanduku yalikuwa yameandaliwa kwenda Ulaya kwa gari moshi la kwanza, na mtu alikuwa ameyavuruga. Sefu akatafsiri kwa sauti ya chini: “Bwana anauliza, ni nani?” Niliifikiria misheni, niliufikiria mwandiko wangu, nilifikiria kurudishwa nyumbani nikaolewe na mzee mmoja aliyekuwa ameshanitolea jicho. Nikatazama chini. Mbeleje alikuwa pale kwa sababu alileta mboga jikoni, kama alivyoleta kila siku.

“Mimi,” akasema, akiyatazama masanduku yaliyopangwa barazani. “Na kuna wengine wawili bado wako kusiko kwao.”

Nilijisikia nikipumua. Hiyo pumzi nimeishi nayo maisha yangu yote.

Adhabu ya siku zile mnaijua, viboko ishirini na vitano, hamsa ishirini kama walivyozoea kuita. Kwa amri zao mwanamke hakupigwa viboko, kwa hiyo Bwana Wavu akasema atalala mume wake, apigwe kwa niaba yake. Lakini kama Mbeleje atasimama mbele ya watu na kukiri kwamba maneno yake yalikuwa uongo, basi atasamehe. Sefu, Mungu amrehemu, aliongeza la kwake: “Dada, sema tu. Neno ni upepo.” Mbeleje akasema sio upepo. Akaomba siku kumi. Akasema ataleta viwavi waliokaa kwenye mboga moja, wa aina moja, wenye miba myeusi mwilini na pembe mbili kichwani, nao watatoka wa rangi ya chungwa na weusi mbele ya macho yake. Nadhani ndani ya Bwana Wavu kulikuwa na mtu aliyetaka kujua, akigombana na mtu aliyetaka kuogopwa. Akampa siku kumi.

Jioni nilikwenda na Mbeleje hadi nyumbani kwake. Nilitaka kumwambia Ndahani ukweli, na kila nilipofungua mdomo Mbeleje alinitazama nikaufunga. Ndahani alikaa kwenye kigoda, akasikiliza mambo yote hadi mwisho, akasukutua kinywa kwa maji, akatema. “Mgongo ni wangu,” akamwambia mke wake, “na neno ni lako. Kila mtu alinde chake.” Mama yake, aliyekuwa anapepeta uwele pale mlangoni, akasema yeye hajawahi kusikia mwanamume anapigwa kwa sababu ya mdudu, na kwamba tangu mwanzo alishauri aoe kwingine.

Mbeleje aliokota viwavi kumi na wawili kutoka kitalu kimoja cha ile mboga, akawaweka ndani ya tenga lenye kifuniko, na kila asubuhi akawatilia majani mabichi. Siku ya nne tulikwenda mimi na yeye kutafuta majani mengine, kwa sababu yale ya karibu yalikuwa yamekwisha. Tuliporudi tulikuta chungu kinatokota. Mama mkwe alikuwa ameona tenga la mboga nzuri, nene, imekaa kivulini, na hakuna mwanamke wa kwetu anayeacha mboga inyauke. Alikuwa amegeuza majani kwa uangalifu kama alivyofundishwa, akakung'uta viwavi, na kuku walikuwa wanazunguka mlangoni wakitafuta zaidi. Tena alikuwa ameshatia chumvi na karanga. “Mmechelewa,” akatuambia, “nimewasaidia.”

Mimi nililia. Mbeleje hakulia. Alichukua kifuniko cha tenga kilichokuwa kimetupwa pembeni, akakigeuza. Upande wa ndani walikuwa wananing'inia watatu, kichwa chini, wameshajifunga ndani ya vifuko vyao vya kahawia. Viwavi wakitaka kujifunga hupanda juu, na hao watatu walikuwa wamewahi kuliko wenzao. Akakitundika kifuniko ukutani juu ya kitanda chake, halafu akakaa chini akala ile mboga pamoja na mama mkwe, akaisifu kwamba imeiva vizuri. Nimekaa na watu wengi wacha Mungu maishani mwangu, lakini sijaona tena uungwana wa namna ile.

Asubuhi ya siku ya kumi, wawili walikuwa wameshatoka, wote wa rangi ya chungwa, wote wana doa moja, bado wameng'ang'ania kifuniko. Hao hawakuthibitisha chochote. Wa tatu alikuwa bado ananing'inia. Askari mmoja alikuwa ameletwa kutoka boma, na Ndahani alikuwa ameshavua nguo yake ya juu na kuikunja vizuri. Mbeleje akaingia na kifuniko, akakiweka mezani kati ya masanduku, akamwambia Sefu, “Mwambie atazame ganda. Limekuwa kama maji.” Kweli ganda lilikuwa jembamba, na ndani yake yalionekana madoa meupe yamekunjwa kwenye giza. Bwana Wavu akavuta kiti. Kahawa yake ikapoa. Ganda likapasuka, akatoka mdudu aliyelowa, mabawa yamekunjamana, akapanda kidogo juu ya ufito wa kifuniko, akaanza kuyanyoosha. Mweusi tii. Madoa makubwa meupe.

Bwana Wavu alisema neno moja kwa lugha yake, neno la mtu aliyepewa zawadi. Akanyanyuka, akatembea chumbani, akarudi, akatazama tena. Akavuta daftari lake na kuandika haraka. Mimi nikadhani tumeshinda. Kisha bila kuinua kichwa akasema jambo, na Sefu akachelewa kulitafsiri. “Bwana anasema,” akatamka mwishowe, macho yake chini, “kwamba habari ya vipepeo ni kweli. Viboko ni kwa ajili ya kugusa masanduku.”

Ndahani alilala pale uwanjani. Sitavihesabu hapa. Nitasema tu kwamba hakulia, na kwamba mimi nilisimama nikiwa na kalamu mkononi na sikusema kitu. Ilipokwisha, Bwana Wavu akanyoosha mkono kwa Mbeleje apewe wale watatu, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika pini. Mbeleje alikuwa amewarudisha wote ndani ya tenga. Akamtazama usoni, mwanamke wa Kigogo na mzungu wa vipepeo, akafungua kifuniko. Wale wawili wakaruka mara moja. Mweusi alisita ukingoni, mabawa yake bado mapya, kisha naye akaondoka, akapita juu ya mgongo wa Ndahani, akavuka ua. Askari akamtazama Bwana Wavu akingoja amri. Bwana Wavu hakutoa amri. Mchana wake akaniita niandike kikaratasi kipya, jina jipya kwa mume na mke pamoja, mahali, na mwisho kabisa jina la aliyegundua. Akatamka jina lake mwenyewe. Nikaliandika, kwa mwandiko mzuri. Mwezi uliofuata nikaacha kazi ile, lakini kuacha si kusema.

Sasa korongo tulimowakuta vipepeo siku ile ya kwanza limefunikwa na maji ya bwawa, na Jumanne ya mazishi vipepeo walikuwa wametua kwenye tope la ukingo wake, wanakunywa kama zamani. Pengine hao ndio walionisukuma. Katekista alipokunja karatasi yake, nikasimama. “Subiri,” nikasema. “Mambo mawili. La kwanza, mkono ulioyavuruga masanduku ya Mjerumani ulikuwa wangu. Shemeji Ndahani alipigwa kwa ajili yangu.” Vijana hawakujua nazungumzia nini. Wazee walijua, wakageuka wote kumtazama Ndahani, aliyekuwa amekaa kwenye ngozi karibu na kaburi, macho yake karibu yamekwisha.

“Kaa chini, mwalimu,” akasema. “Nilijua siku ile ile.”

“Alikwambia?”

“Hakuniambia. Mke wangu maisha yake yote hakugusa kipepeo aliyekufa.” Akapapasa udongo mbele yake kama anatafuta kitu. “Lakini alikuwa ameshasema ni yeye. Ningeanzia wapi kulikanusha neno lake?” Nami nikabaki nimesimama, sikujua niweke wapi mikono yangu. Halafu akainua kidevu upande alikokuwa katekista. “Hilo la pili ni lipi? Ni lile la kutojua kusoma?”

“Ndilo.”

“Hilo lirekebishe.”

Nikarekebisha. Nilianza na mgagani, nikawaambia kila mtu ageuze jani lililo karibu naye atazame chini yake, na wakageuza, wanafunzi wangu wa zamani na wajukuu zao, hata wenye koleo. Nikaendelea na mti wa kuchemshia watoto, na milimau ya mjini, na utomvu mweupe ambao mbuzi hawaugusi. Katekista akaninong'oneza kwamba jua limepanda, akaniomba nifupishe.

Sikufupisha.